Sentimita nane zilizokosekana kwenye boksi

Siku bonge lile la mwamba lilipoporomoka sikuwepo. Nilipigiwa simu alfajiri, nikafika nikakuta mafundi wamesimama mbali, mikono nyuma, hakuna anayezungumza. Mvua ilikuwa imesimamisha kazi tangu juzi yake, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Ekskaveta peke yake ndiyo ilikuwa imefunikwa hadi usawa wa kioo. Nilipanda juu ya kifusi kwenda kuutazama uso ambao mwamba ulikuwa umetelezea. Ulikuwa laini, umepakwa udongo wa kijivu, unateleza kama uliopakwa grisi. Nikapitisha kidole, kikaacha mchirizi. Na kwenye simu yangu nilikuwa na ripoti niliyoiandika mwenyewe, inayosema kwamba mwamba huu una nguvu ya megapaskali 118.

Kilichoniuma ni kwamba ile 118 ilikuwa kweli. Maabara haikukosea. Zege la jengo la kawaida huwa na nguvu ya megapaskali 25 hadi 30, kwa hiyo tulikuwa tumesimama mbele ya jiwe gumu mara nne ya zege, na lilikuwa limeshuka chini kama sahani inavyoteleza mezani ukiiinua meza upande mmoja.

Naandika haya kwa ajili ya yule anayeanza. Aliyekwisha kupigiwa simu ya alfajiri hana haja nayo.

Kazi ilikuwa ya kukata ukingo wa kilima ili barabara ipite. Kwenda juu, mkato ungefika mita 24, kwa mwinamo wa digrii 70. Mwamba wenyewe ni naisi, mkongwe, wa rangi ya kijivu yenye mistari. Nilitakiwa kusema una nguvu kiasi gani na utatulia kwa mwinamo gani. Fedha ya uchunguzi ilitosha mashimo matatu. Yote nikayapanga wima, mita 30 kila moja, kwa sababu mashine ni rahisi kuisimamisha wima, mchoro wake ni rahisi kuchora, na, niseme ukweli, sikuwa nimewahi kuona mtu akichoronga mshazari.

Kwa asiyejua: unapochoronga kwa bomba lenye meno ya almasi, kinachobaki ndani ya bomba ni mche wa mwamba, kama mche wa sabuni ila wa mviringo. Unautoa, unaupanga kwenye boksi la mbao kwa mistari, ukianzia juu kushoto na kumalizia chini kulia, kama maandishi kwenye ukurasa. Boksi hizo ndizo kitabu chetu. Nimekuja kujua baadaye kwamba kwenye kitabu hicho panapohitaji kusomwa zaidi ni pale ambapo hapakuandikwa kitu.

Hesabu ya kwanza unayofundishwa ni RQD, kifupi cha Kiingereza cha kipimo cha ubora wa mwamba, iliyobuniwa na Don Deere mwaka 1964. Unachukua vipande vyote vya mche vyenye urefu wa sentimita 10 au zaidi, unajumlisha urefu wake, unagawa kwa urefu uliochorongwa, unazidisha kwa 100. Chini ya 25 mwamba ni mbovu sana. 50 hadi 75 ni wa wastani. 75 hadi 90 ni mzuri. Zaidi ya hapo ni bora. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya, na hapo ndipo mtego ulipo.

Siku ya kwanza nilihesabu kila mkatiko niliouona. Nikapata asilimia 41 nikashtuka. Kumbe mchorongaji anapotoa mche hulazimika kuligonga bomba kwa nyundo, na kipande kikizidi urefu wa boksi hukivunja makusudi ili kiingie. Hiyo mikatiko si nyufa za mwamba. Iliyovunjwa na mkono ina uso mpya unaong'aa, kingo kali, na ukirudisha vipande viwili pamoja vinashikana mpaka mstari unapotea. Ufa wa asili mara nyingi una kutu, au madoa, au utando wa madini, au umechakaa kidogo kingoni. Nikarudi nyuma nikafanya upya, na safari hii nikaegemea upande wa pili: kila mkatiko wenye shaka nikauhesabu kuwa wa nyundo. Asilimia ikapanda, na mimi nikafurahi. Wote waliokuwa ofisini wakafurahi.

Dawa yake ni kukaa kando ya mashine. Mche ukitoka, mkatiko wa mkono unatiwa alama ya msalaba kwa kalamu ya rangi hapohapo, mbele ya aliyeuvunja. Kila kipande kipimwe katikati, kwenye mstari wa kiini, usipime kutoka ncha hadi ncha kwenye mkatiko wa mshazari, maana utajiongezea sentimita zisizokuwepo. Na usiache boksi juani kwa wiki nzima ukidhani jiwe ni jiwe. Miamba yenye asili ya udongo hukauka ikajipasua yenyewe, halafu unakuja kuhesabu nyufa ulizozizaa wewe.

Sasa nifike penyewe. Shimo la pili, kati ya mita 10.5 na mita 12. Mita moja na nusu ya kuchoronga. Vipande nilivyovipima: 38, 27, 22, 17, 12, halafu vidogo vitatu vya 9, 9 na 8. Vinavyofika 10 vinajumlika kuwa 116, gawa kwa 150, unapata asilimia 77. Mwamba mzuri. Nikaandika, nikafunga boksi.

Jumlisha vyote sasa, na vile vidogo: 142. Tulichoronga 150. Sentimita 8 hazipo.

Mchorongaji mkuu, mzee aliyekuwa na miaka mingi kwenye mashine kuliko mimi duniani, aliniambia siku hiyohiyo. Sikumsikiliza, lakini maneno yake nayakumbuka.

"Injinia, hapa kwenye kumi na moja na nusu kasoro fimbo imedondoka. Haikusaga kitu. Na maji yamerudi ya kijivu, kisha yakapotea kabisa."

"Yamepotea kiasi gani, mzee?"

"Yote. Nimepiga pampu dakika nzima, juu hakuna kitu."

Nikaandika kwenye fomu: sampuli pungufu, sentimita 8. Niliichukulia kama kasoro ya uchorongaji, hata nikamwambia awe mwangalifu. Yeye akaniangalia, akanyamaza, akaendelea na kazi yake. Kunyamaza kwake nilikuja kukuelewa wiki sita baadaye, juu ya kifusi.

Maji yanayopozesha meno ya almasi ndiyo hayohayo yanayoosha kila kilicho laini. Naisi ngumu inakatwa vizuri na kuingia kwenye bomba. Tabaka la udongo la sentimita chache lililokaa ndani ya ufa linageuka tope na kutoka na maji. Mche unaofika juu umekwisha kuchujwa. Halafu mimi nikauchuja mara ya pili, maana maabara inataka vipande vyenye urefu wa mara mbili na nusu hadi tatu ya kipenyo chake, visivyo na ufa. Nikachagua vizuri, virefu, vyenye kupendeza. Kumi.

Tisa vilivunjika kati ya megapaskali 97 na 141. Cha kumi kilipasuka kwa 38, mshazari, kwenye mstari wa madini meusi ambao haukuwa ukionekana vizuri kwa nje. Kwenye jedwali nikaweka nyota na kuandika chini: kipimo si halali, kimeondolewa kwenye wastani. Hiyo nyota nimeiona usingizini. Kile kipande kilikuwa peke yake kati ya kumi kilichojaribu kuniambia kwamba mwamba huu una mahali pa kuachia, na mimi nikakitoa nje kwa kuharibu wastani. Ukipata sampuli inayovunjika kwa nguvu ndogo, iandike pamoja na nguvu yake, pembe iliyovunjikia, na picha ya uso uliovunjika. Wastani wa jiwe zima uwe na safu yake, na waliovunjika kwenye mistari wawe na yao. Usiwafute.

Kwa ufupi, vilivyofika maabara vilikuwa vile vilivyonusurika. Nilipima nguvu ya mwamba kwa kuwahoji walionusurika tu.

Baada ya poromoko kulikuwa na kikao. Sitaki kukisimulia chote. Niliulizwa swali moja na mtu aliyekaa mwisho wa meza: "Hizi sentimita nane ziko wapi?" Alikuwa ameona fomu. Nilianza kujieleza kuhusu uchorongaji, nikasikia sauti yangu inavyotoka, nikaacha. Nikasema sikuziona kuwa na maana. Usiku huo niliandika barua ya kujiuzulu ambayo sikuipeleka, na wala si ushujaa ulionizuia. Nilichoka tu nikalala, asubuhi nikakuta nimepangiwa kuanza uchunguzi upya.

Uchunguzi wa pili ulichukua wiki saba. Gharama yake ilizidi mara mbili ya ule wa kwanza, na bado haikufika gharama ya kuondoa kifusi na siku ambazo mitambo ilikaa bure. Laiti mtu angeniwekea hesabu hiyo mezani mwanzoni, pengine ningepigania shimo la nne.

Tulianza na kitu kisichotumia mashine kabisa: kamba. Unafunga utepe wa kupimia kwenye uso wa mwamba uliokatwa, unatembea nao, na kila ufa unaoukata unaandika: upo mita ngapi, umelala digrii ngapi, unaelekea wapi, ni mrefu kiasi gani, una upana gani, ndani mna nini, uso wake ni mkavu au unatoa maji. Dira ya kijiolojia mkononi, siku nne, magoti yameisha. Tulikusanya nyufa zaidi ya 200. Ukiziweka kwenye duara la kuchorea pembe zinajipanga zenyewe kwenye makundi, na kwetu yalitokea mawili yaliyokuwa na maana. Moja lilikuwa la nyufa zilizoinama digrii 38 kuelekea barabarani. La pili lilikuwa la nyufa zilizosimama karibu wima, digrii 85, zikienda sambamba na uso wa mkato, kila sentimita 60 hivi.

Hilo kundi la pili lilinifedhehesha. Kwenye mashimo yangu matatu nilikuwa nimeliandika "adimu". Fanya hesabu: ufa umesimama digrii 85, shimo limesimama wima, tofauti yao ni digrii 5 tu. Shimo linashuka kando ya nyufa hizo kama mtu anayeshuka ngazi katikati ya kuta mbili. Kama nyufa ziko kila sentimita 60, shimo la wima litakutana na moja kila mita 7 hivi. Katika mita 30 unaona nne, unasema adimu. Ruth Terzaghi alilieleza jambo hili mwaka 1965, na akatoa njia ya kulisahihisha: kila ufa uliouona uupe uzito wa moja gawa kwa sine ya pembe kati ya ufa na shimo. Kwa digrii 5 uzito huo ni karibu 11 na nusu. Yaani kila mmoja niliyemwona alikuwa na wenzake kumi niliowapita ubavuni. Kwa hiyo usichoronge mashimo yote kwa uelekeo mmoja. Hata kama fedha ni ya mashimo mawili, moja lilaze.

Tukachoronga mawili ya mshazari, kwa bomba la tabaka tatu. Tabaka la ndani limepasuliwa nusu mbili, linatolewa na mche ukiwa bado umelala ndani yake, haugongwi nyundo. Mzee nilimwomba apunguze maji na mwendo tukikaribia kina tulichokitarajia. Nilimwomba hivyo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujua nafasi yake. Akacheka. "Leo tutaipata, mwanangu."

Tuliipata. Udongo wa kijivu, unene wa sentimita 6, umekaa katikati ya naisi kama uji uliogandia kwenye ufa wa sufuria. Uso wake mmoja ulikuwa na michirizi ya kung'aa, ikielekea chini: maana yake pale palikwisha kuteleza zamani, kabla hatujafika sisi na barabara yetu. Tukaufunga kwa plastiki na waya kabla ya kuukata, tukauweka kwenye boksi lenye mchanga. Ukichelewa dakika ishirini unyevu umekwenda, na unachokipima maabara ni udongo mwingine.

Kipimo cha kutelezesha kinaonekana rahisi kwenye mchoro. Sampuli yenye ufa inashikwa kwa saruji juu na chini, ufa ukiachwa wazi katikati, unabanwa kwa uzito, kisha nusu ya juu inasukumwa huku unaandika nguvu na mwendo. Sampuli ya kwanza niliiharibu kwa saruji iliyovuja ikaingia ndani ya ufa. Ya pili niliiweka imepinda kidogo. Ilipoanza kusukumwa ikapanda badala ya kuteleza, nikapata namba nzuri ya uongo. Ya tatu ndiyo iliyosimama. Hizi sampuli hazirudiwi, kwa hiyo ukiwa huna uzoefu jizoeze kwanza kwa vipande viwili vya zege.

Jambo jingine ambalo lingeniokoa mapema: pima kwa mkandamizo ulio sawa na wa kule mlimani. Bonge letu lilikuwa na unene wa mita 8 hivi juu ya ufa, na kwa mwinamo wa digrii 38 mkandamizo kwenye uso wa ufa ni karibu kilopaskali 130. Ni mdogo sana. Maabara ya kwanza ilikuwa imezoea kazi za migodi ya chini, ikapendekeza kuanzia megapaskali moja. Ukipima kule juu na kurudisha mstari nyuma hadi sifuri, mstari unakata mhimili na kukupa mshikamano, yaani nguvu ya kushikana hata bila kubanwa, ambao haupo duniani. Na kama unatumia sampuli moja kwa mizigo kadhaa, anza na mdogo, maana kila msukumo unasaga meno ya ufa.

Udongo ulitoa pembe ya msuguano, yaani mwinamo ambao ukizidi kitu huanza kuteleza, ya digrii 22 mwanzoni, na 14 baada ya kuteleza. Ufa umeinama 38. Hapo hakuna haja ya kompyuta. Kilichoushikilia mlima miaka yote ni mwamba wa mbele yake, ule tulioukata sisi.

Kwa nyufa zisizo na udongo nilitumia njia ya Nick Barton, inayoangalia ukwaruzo wa uso, ugumu wa kuta za ufa, na mkandamizo. Ukwaruzo unausoma kwa kichana cha sindano: unakikandamiza kwenye uso, kinachukua umbo lake, unalinganisha na michoro kumi ya mfano yenye namba kutoka 0 hadi 20. Ugumu wa ukuta unaupima kwa nyundo ya Schmidt, ile ya springi inayosoma jinsi inavyorushwa nyuma na uso, na upige uso wa ufa wenyewe, ule uliochakaa. Usipige jiwe jipya la ndani. Piga mara kumi, chukua namba tano za juu, na kipande kisicheze unapopiga. Msuguano wa jiwe lililokatwa laini unaupata hata kwa ubao: weka kipande juu ya kingine, inamisha polepole, andika pembe kinapoanza kuondoka. Hiki cha mwisho hakigharimu kitu na ni kipimo ninachokiamini kuliko vingi.

Kwetu ilitoka hivi: msuguano wa msingi 28, ukwaruzo 8, ugumu wa ukuta megapaskali 50. Kwa mkandamizo ule wa kilopaskali 130, hesabu inatoa pembe ya karibu digrii 49. Nikafurahi tena, sijui kwa nini sijifunzi. Mwenzangu akaniuliza kichana changu kina urefu gani. Sentimita 10. Na ufa kule mlimani, kabla haujakatwa na mwingine, ni mrefu kiasi gani? Mita 2. Mikwaruzo midogo inayoshikana kwenye kipande cha sentimita 10 haina nguvu hiyo kwenye uso wa mita 2. Barton na Bandis wana hesabu ya kupunguza. Tulipopunguza, 49 ikawa 39. Digrii kumi zimeyeyuka kwa swali moja, na tukabaki digrii moja juu ya mwinamo wa ufa, mkavu, usio na udongo.

Mkavu. Hapo ndipo maji yanapoingia. Zile nyufa za wima nyuma ya bonge zilijaa mvua ya siku mbili. Maji yenye kina cha mita 6, pale chini kabisa, yanasukuma kwa karibu kilopaskali 60, na msukumo huo unalinyanyua bonge, unapunguza ule mkandamizo wa 130 ambao ndio unaozaa msuguano wote. Sikuwa nimeweka hata bomba moja la kupimia maji. Kwenye ripoti ya kwanza niliandika "maji hayakuonekana", kwa sababu nilipima kiangazi, kwenye shimo ambalo lilikuwa limepoteza maji yote ya pampu. Shimo linalomeza maji halimaanishi mwamba mkavu. Linamaanisha njia imefunguka.

Nilisoma upya habari za Malpasset wakati huo. Bwawa la Ufaransa, zege jembamba lililopinda kama upinde, lilivunjika usiku wa tarehe 2 Desemba 1959 na kuua watu zaidi ya 400. Zege halikuwa na kosa. Upande wa kushoto lilikuwa limeegemea naisi yenye nyufa, na maji yaliyoingia kwenye nyufa hizo yakaliondoa bonge la mwamba lililokuwa likilishikilia. Naisi. Nilikuwa nimesoma habari hiyo chuoni na kuijibu kwenye mtihani.

Kwenye mashimo mapya tulifanya kipimo cha Lugeon: unaziba sehemu ya shimo juu na chini, unasukuma maji kwa presha inayopanda hatua kwa hatua kisha kushuka, unaandika yanayomezwa. Lugeon moja ni lita moja kwa dakika kwa kila mita ya shimo kwa presha ya megapaskali moja. Watu wengi huandika namba moja ya mwisho na kuondoka. Tazama umbo la hatua zote. Kwetu hatua ya juu kabisa ilimeza ghafla kuliko uwiano, na tuliposhusha presha ikarudi kawaida: ufa ulikuwa unafunguka kwa kusukumwa na kujifunga tena. Tukajua presha gani inaufungua.

Kuna sehemu moja nilitumia siku nyingi bila faida, nayo ni nguvu ya mwamba mzima, kwa njia ya Hoek na Brown. Unaanza na nguvu ya jiwe, unaipunguza kwa GSI, alama unayoipata kwa kuutazama mwamba na kuulinganisha na chati, halafu unaipunguza tena kwa kiasi ambacho baruti imeuvuruga. Mimi niliupa 55. Mwenzangu, uso uleule, saa ileile, akaupa 40. Kwa 55 ile 118 inashuka hadi 9.5. Kwa 40 inafika 3.9. Na ukiweka uvurugwaji wa juu kabisa, ule wa kulipua bila uangalifu, kwa 40 unabaki na 0.7. Kutoka 118 hadi chini ya 1, bila jiwe lenyewe kubadilika! Ndiyo maana siku hizi sitoi GSI ya namba moja. Natoa kuanzia hapa hadi pale, na majina ya waliotazama yanabaki kwenye fomu. Na ndiyo maana nilianza kumfuata fundi baruti kila asubuhi, jambo ambalo halikumfurahisha.

Ila hesabu hiyo yote haikuhusu poromoko letu. Njia ya Hoek na Brown inadhani nyufa ni nyingi, za kila upande, kiasi kwamba mwamba unavunjika kama rundo la matofali yaliyoshindiliwa. Sisi tulikuwa na ufa mmoja mrefu wenye udongo, umeinama kuja kwetu, na ukuta wa nyufa nyuma yake. Bonge halikuuliza mwamba mzima una nguvu gani. Nilikuwa nimetumia siku tisa kuboresha jibu la swali ambalo mlima haukuuliza. Kabla ya kufungua programu yoyote, chora kwa mkono: uso wa mkato, nyufa zake, mishale ya mwinamo. Kama ufa mmoja unatokeza kwenye uso na umeinama zaidi ya msuguano wake, kazi yako ni kuupima ufa huo na maji yake. Mengine yatasubiri.

Mkato ulibadilishwa. Chini uliwekwa ngazi mbili, nondo ndefu zikapitishwa kwenye ufa na kufungwa kwa saruji, na safu ya mashimo ya kutolea maji ikachorongwa kuelekea ndani, yameinuka kidogo ili yajimwage yenyewe. Yale kumi ya kwanza yalitoka makavu. Nilikuwa nimeanza kusikia tena mnong'ono nyuma yangu.

La kumi na moja lilikuwa lake mzee. Alisimamisha mashine, akaweka kiganja kwenye fimbo kama mtu anayesikiliza mapigo, akasema, "Imedondoka." Akazichomoa fimbo taratibu. Kwanza ikatoka hewa, halafu tope la kijivu, halafu maji, mengi, yakaendelea kumwagika tulipokula, tulipofunga mashine, na tuliporudi kesho yake. Nikachukua fomu na kumwuliza ni mita ngapi hasa. Akaniambia, nikaandika, nikamsomea alichosema neno kwa neno kabla sijafunga daftari.